Usiseme Amelala

Wazee, shikamooni. Wenzangu nawasalimu, na ninyi mliotoka ng'ambo ya reli kwa miguu, poleni na jua. Kabla sijaanza nina ombi moja. Dada uliyeketi karibu na yule mama wa benchi la mbele, mwenye kaniki na fimbo, ukimwona anasinzia mguse begani. Msinicheke. Mkinisikiliza mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Nimeombwa niseme nilivyoamini. Jumapili tatu nimewasikiliza wenzangu hapa. Mmoja alisikia sauti akiwa shambani, mwingine aliota ndoto, mwingine aliponywa mguu. Namshukuru Mungu kwa mguu wake. Lakini mimi, ndugu zangu, sikuona nuru wala sikusikia sauti. Niliingia humu kwa mlango wa nyuma, nimejaa hasira, na nyingine bado ninayo. Asiyetaka kusikia uchungu atoke sasa akachume mboga, sitamwandama.

Majina sitataja. Wengine wamo humu ndani, wengine wamo makaburini, na jina la mwanangu silitoi mdomoni mbele za watu. Huyo mama wa mbele ni mama mkwe wangu. Jana nilimwuliza kama naweza kumsema. Akajibu, "Sema yote, ila usinifanye malaika."

Zamani tuliishi porini, kusini mwa Kaliua, kila mji na mashamba yake, jirani mpaka upige ukelele ndipo akusikie. Babu wa mume wangu alikuwa mpagazi wa njia ya Ujiji. Alipochoka kubeba meno ya tembo ya watu, alikaa pale akatundika mizinga ya nyuki, na mume wangu akairithi. Hatukuwa matajiri, lakini asali hatukuomba kwa mtu. Ndipo ikaja amri ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kwamba ndorobo, wale mbung'o wa porini, wameleta malale, watu wote wahamie hapa tulipo leo, tukae pamoja na miti ikatwe. Tulipewa siku chache tu. Kisha nyumba zetu zikachomwa moto ili tusirudi. Nilisimama nimemshika mwanangu mkono, nikatazama kihenge changu kikiungua na mtama ndani.

Mume wangu alihama mwili, moyo ukabaki kwenye mizinga. Kila msimu wa asali alirudi porini kwa siri, na alimchukua binti yetu, wa miaka tisa hivi, amsaidie kubeba vibuyu. Mama mkwe alikuwa anakaa nasi. Ulimi wake mnaujua, na siku hizo ulikuwa mkali zaidi. Aliwasimamia mlangoni akasema, "Msimpeleke mtoto kule. Atarudi na kitu." Tulimcheka, tukaona ni maneno ya uzee. Likumbukeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kutuvunja.

Mtoto alianza kwa homa na kichwa. Kisha ukaja ukali. Mtoto mpole kama yule akawa anauma wenzake. Kisha usingizi. Ninyi mliozaliwa baada ya pori kufyekwa hamwezi kujua nasema nini. Alikuwa analala mchana kweupe, tonge la ugali liko mkononi. Unamwita, anafungua macho, anaitika, "Abee, mayo," ananiita mama kama zamani, halafu anakwenda tena. Nilimmwagia maji usoni. Nilimwimbia. Nilimfinya mpaka mikono yake ikawa na alama za kucha zangu, na alama zile alizikwa nazo.

Wakaja watu wa dawa. Kijiji kizima kinasimama mstari, wanakupapasa shingo kwa nyuma kutafuta vinundu, wanakutoboa kidole, wanatazama damu. Akionekana mgonjwa anachukuliwa kwenda kudungwa sindano wiki nyingi. Sisi tulikuwa na maneno yetu, kwamba wale ni mumiani, damu yetu inapelekwa mbali kufanywa dawa ya Wazungu. Niliyaamini yote. Mnaona, nilikuwa mwepesi wa kuamini hata kabla ya kufika kanisani.

Siku ya kupimwa nilimtia mwanangu kihengeni, kile kipya alichosuka baba yake baada ya kuhama, nikamfunika mkeka, nikaweka kifuniko juu. Alikuwa amelala, hakusumbua. Mama mkwe aliniona. Alinishika mkono akaniambia nimtoe mtoto apimwe, hata kama wanakunywa damu na wainywe, huenda wakamwachia uhai. Nami nikamjibu, "Wewe ulisema atarudi na kitu. Kitu hicho ulikijuaje?"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Kuuguliwa na mtoto si kuanguka, ni mzigo tu. Nilianguka kwa swali lile. Nilikwenda kwa mfumu, yule mganga wetu wa ramli, naye akaniuliza jambo moja tu: nani aliutaja ugonjwa kabla haujafika? Nilijibu hata kabla hajamaliza kuuliza. Sisi ndivyo tulivyo. Anayeonya sana tunasema anajua sana, na anayejua sana tunasema ndiye aliyefanya. Kwa hiyo mtu mmoja aliyetaka kumwokoa mwanangu ndiye tuliyemfanya mchawi wake.

Hatukumpiga. Tulimnyima moto. Wazee mnajua maana yake. Moto ukizimika asubuhi unakwenda kwa jirani kuomba kaa, hata kwa mliyegombana naye jana, na hakuna anayekataa. Mimi niliwapitia majirani nyumba kwa nyumba, nikawaambia yule asipewe. Siku mbili alikula mihogo mibichi. Siku ya tatu alichukua jembe, chungu na kaniki yake, akaondoka. Mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa uani anachonga mpini wa shoka. Hakuinua kichwa. Mpini ule upo mpaka leo, na mimi ndiye ninayepasulia kuni.

Mwisho wa kijiji alikuwa amejenga mwalimu wa kanisa, mgeni aliyetoka upande wa Tabora. Mkewe alimpa mama mkwe kibanda cha nyuma, na kaa la moto. Tulipita mbali na nyumba ile, tukasema sasa wamepatana, mchawi na mwenye kitabu.

Mwanangu alilala miezi minne. Alikufa asubuhi, jua limeshapanda, na sikujua saa gani hasa, kwa sababu kulala kwake na kufa kwake vilikuwa vimeshafanana.

Kwenye maziko yule mwalimu alikuja bila kuitwa. Alifungua kitabu akasoma habari za binti wa mkubwa mmoja, watu wanamlilia, naye Bwana akawaambia kwamba mtoto hakufa, amelala tu. Nadhani alikuwa ameisoma habari ile kwenye makaburi mengi, na kwingine ilikuwa faraja. Lakini hapa ni kijiji cha malale. Nusu ya waliokuwa pale walikuwa na mtu nyumbani ambaye hawakuthubutu kumwacha alale. Mimi nilisimama. Mwanamke wa kwetu hasimami mbele ya kaburi kumkatiza mtu, lakini nilisimama.

"Mwalimu," nikamwambia, "mwanangu amelala miezi minne. Leo amekufa. Usinirudishie usingizi."

Alifunga kitabu, akavua koti, akachukua jembe mkononi mwa mtu, akafukia mpaka mwisho. Siku ya pili alikuja kwangu akakaa chini, vumbini, na koti lake. Alisema, "Nilisoma bila kuangalia nimesimama wapi. Nisamehe, mama." Nilimwambia aondoke, akaondoka. Lakini jambo lile lilinikaa, kwa sababu sikuwahi kumsikia mtu mwenye kitabu akiomba radhi.

Mvua zilipoanza, mume wangu naye akaanza kusinzia. Safari hii hapakuwa na kihenge cha kumtosha. Walimkamata kwenye mstari wakampeleka, wakamdunga wiki baada ya wiki, mimi huku nimeshamlilia kimoyomoyo kama marehemu. Siku moja namwona anakuja kwa njia ya reli, amekonda, anatembea na gongo, lakini macho yake yako wazi. Alikuwa amepona.

Mume wa mtu akipona, mkewe hupiga vigelegele. Majirani walinipigia. Mimi nilikaa chini palepale njiani. Sindano iliyomponya baba ndiyo niliyomficha mtoto. Basi hapakuwa na mchawi. Palikuwa na ndorobo, palikuwa na mizinga, na palikuwa na mimi na kifuniko cha kihenge. Kihenge nilikichoma kesho yake, na haikunisaidia kitu.

Hapa ndipo wenye ushuhuda husema wakapiga magoti. Mimi sikupiga. Nilikwenda kwa mama mkwe, si kwa wema, ila kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kitu nilichofanya, na kukijua peke yangu kulikuwa kunaniua. Nilimkuta anapepeta uwele. Nilimsalimu, hakuitikia. Nikasema yote nimesimama: kihenge, ramli, moto. Alipepeta mpaka ungo ukawa hauna pumba hata moja, na bado akaendelea kupepeta.

Halafu akasema, "Sijakusamehe. Mwalimu ananiambia nisamehe. Najifunza, sijafika. Keti ule."

Akanipa uji. Ninyi mnaotafuta muujiza, wangu ndio huo, uji wa uwele usio na chumvi. Angeniambia amenisamehe nisingemwamini, wala yeye wala Mungu wake. Maana nilimwona usoni, alikuwa anatamani kunimwagia uji ule wa moto. Alinipa kata mkononi kwa sababu yuko aliye juu ya mwalimu aliyemwambia afanye hivyo, naye anamtii huku amekunja uso. Nikataka kumjua huyo anayeweza kumwambia mama mkwe wangu kitu na akakifanya. Ninyi mnacheka, mnamjua mama. Lakini mimi niliamini kwa njia hiyo, na sina nyingine ya kuwaambia.

Nikawa nakwenda kila asubuhi. Namwamkia kwa kilugha chetu, "Mwangaluka, mayo." Ananisogezea uji. Yeye alikuwa katika darasa la ubatizo, basi na mimi nikaanza kukaa nyuma, nasikiliza nusu na nusu nabishana moyoni. Mwaka ulipita na zaidi. Asubuhi moja ya mvua moto wangu ulizimika nyumbani, nikafika kwake nimelowa, nimekuja na kigae changu chini ya nguo, lakini naona haya kusema. Mimi wa kuomba moto kwa nani? Alikitazama kile kigae. Alichukua kaa kubwa, lile la kati, akaniwekea.

"Funika, mwanangu," akasema. "Mvua itauzima."

Nililia njia nzima, na moto niliufikisha.

Siku ya kuulizwa maswali ya ubatizo, mwalimu alinirudisha palepale. Mbele ya wazee aliniuliza kwa sauti ya chini kama naamini kwamba binti yule wa kitabuni aliinuka. Nilimwambia, "Yule naamini aliinuka. Wangu bado. Nangoja." Wazee walitazamana. Mwalimu aliandika jina langu.

Leo namshukuru mwalimu yule, popote alikopelekwa, aliyejua kufunga kitabu na kushika jembe. Namshukuru mkewe, aliyetoa kaa la moto wakati kijiji kizima tumekunja mikono. Nawashukuru wale watu wa sindano niliowaita mumiani. Mume wangu yuko pale nyuma, mizinga ameiacha. Hatusemezani sana, lakini mwaka juzi alimjengea mama yake nyumba uani petu, na hakuna aliyemwambia ajenge. Nimshukuru na yeye.

Na neno langu kwenu si refu. Mtu akikuonya, usimwulize amejuaje, mtazame mtoto wako. Na mnapozika, msiwe na haraka ya maneno laini. Kwenye kaburi la mtu wangu usiseme amelala. Sema amekufa, mwache mama yake alisikie neno hilo mpaka mwisho. Kisha sema la pili, kama wewe mwenyewe unaliamini, kwamba ataitwa na atasikia. Mimi naliamini. Siku nyingine naliamini kwa kukunja uso, lakini nimejifunza kwa mtu kwamba hata hivyo inahesabika.

Dada, mbona humgusi? Kichwa kimemwinama. Najua ni uzee, najua ni joto na maneno yangu marefu. Mguse tu, siwezi kumwona hivyo.

Haya. Amefungua macho. Mama, nimemaliza, na sikukufanya malaika. Inuka, twende nyumbani.