Mama Aliyekataa Kusema Amina

Wasifu uliochapwa kwenye ratiba mlizoshika umeandikwa na mtoto wa kwanza wa marehemu, na mwisho wake unasema mama alifariki kwa amani huku familia ikiomba. Huu unaosomwa umeandikwa na kitinda mimba wake, ambaye amekataa kuusoma ule. Tarehe ni zile zile. Kitinda mimba ana hasira, na hataiweka chini kwa sababu tu kuna jeneza mbele yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tano wa fundi viatu. Alitanguliza miguu, na mkunga akasema huyu atakuwa mbishi. Mkunga alijua kazi yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1967 na kufaulu vizuri. Nafasi ya kuendelea akapewa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akishika mkia darasani. Jambo hilo marehemu alilisema kila mwaka, mbele ya huyo mdogo wake, mpaka akazoea kuitikia, "Kweli, dada," na kuendelea na chai yake.

Mwaka 1971 aliajiriwa hospitalini kupokea simu. Alikaa miaka thelathini na mitatu katika chumba kisicho na dirisha, na ubao wa nyaya mbele yake. Siku nzima alisikia watu wakisema "hatujambo, hakuna neno" na sauti zinatetemeka. Aliondoka kazini na imani moja: laini ikiwa na mkwaruzo, isafishe kwanza, ndipo ujumbe upite.

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa na mwashi, mtu mpole wa maneno machache, wakajaliwa watoto watatu. Kila jioni saa moja, baba akishavua viatu vyake vyenye saruji, familia iliketi mezani kumkaribisha Mungu nyumbani. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kufumba macho kabla ya kusema ana neno na nani. "Mungu si mgeni wa kufichiwa vyombo vichafu," alisema mama. Kwa hiyo sala za nyumba ile zilianza na ugomvi: nani kamaliza sabuni, nani kamwita mwenzake kichwa maji. Majirani walidhani watu wanauana. Kisha mmoja angecheka, wengine wafuate, na mama angeomba kwa maneno machache, kama mtu anayejua kuna wengine wanasubiri laini.

Mchungaji mmoja alikuja kuibariki nyumba, naye akaulizwa, "Mchungaji, una neno na mtu humu?" Akasema hana. Mama akakunja mikono, akamngoja. Chai ilipopoa, mchungaji akakiri kwamba alimwona mama akisinzia kwenye mahubiri yake na kwamba jambo hilo lilimuuma. "Nilisinzia kweli," akasema mama, "yalikuwa marefu. Nisamehe." Ndipo nyumba ikabarikiwa. Mchungaji huyo ni mstaafu sasa na yupo hapa. Anatikisa kichwa, lakini anacheka.

Utaratibu huo uliwajenga watoto wawili. Wa kwanza ulimvunja, na haki itendeke kwa kulisema. Ijumaa tarehe 2 Oktoba 1992, akiwa na miaka kumi na saba, alikaa mezani kanuna na hakutaka kusema. Mama akakataa kuomba na akakataa kupakua. Saa nzima ikapita. Mwishowe kijana akasema anamwonea aibu baba yake, aliyemfuata shuleni na nguo zilizojaa saruji. Baba aliitazama mikono yake, akasema, "Ni kweli, mwanangu, natia aibu," kisha akaomba yeye mwenyewe sala ya jioni hiyo. Tarehe 9 Novemba baba alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akafariki. Kaka hakuwahi kulizungumza jambo lile tena, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwaka jana moyo wa mama ulianza kushindwa kazi. Julai kaka alimhamishia kwake bila kumshauri mtu, na kitinda mimba akamnunia hadi leo. Sebuleni kwa kaka kuna maandishi ya dhahabu ukutani yanayomkaribisha Bwana awe mwenyeji wa nyumba. Jioni ya kwanza mama alisema, "Mwanangu, tuna neno mimi na wewe." Kaka akajibu, "Mama, hapa kwangu tunaomba tu." Wakaomba. Mama hakuitikia. Baada ya mwezi, mke wa kaka alipiga simu. "Wifi, mama hasemi amina," akasema. "Anakaa macho wazi, anamwangalia baba watoto mpaka amalize. Mimi chakula hakishuki." Miezi minane mama alikaa hivyo, mwenye dhahabu ukutani asione kitu, na kitinda mimba huyu, mwenye hasira zake za haki, asikanyage pale.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Kaka alikuwa ameanza kuomba. Mama aliinua mkono, akasema, "Bado." Hakusema tena. Hakufa kwa amani, na atakayesema hivyo kaburini hapa anamsingizia.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu sita na mdogo wake wa kiume. Wawili kati ya watoto hao hawajasalimiana leo.

Na sasa lile lisilochapwa popote. Tarehe 22 Februari mama alimpigia kitinda mimba wake, akasema: "Mwambie kaka yako, jioni ile nilikosea mimi. Nilimkamua mtoto mpaka akasema asilotaka kusema, na baba yake akaondoka nalo. Nataka kumwomba msamaha, lakini kila nikifungua mdomo anafumba macho anaomba. Wewe mwambie." Kitinda mimba akajibu, "Sawa, mama." Hakumwambia. Siku kumi na saba alikaa na maneno hayo, hasira ikimnong'oneza kwamba mtu yule hastahili kusikia neno jema kutoka kwake. Mama akafa anadhani yamefika.

Yamefika leo, kaka.

Ratiba inasema sasa uombe. Usiombe kwanza. Njoo hapa umwambie dada yako anavyostahili kuambiwa, naye hatajitetea.

Mama apumzike kwa amani. Sisi bado.