Mstari wa Zawadi Haukatwi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na wale wa mabenchi ya nyuma nao waitikie, maana ushuhuda huu unamhusu kila mwenye tumbo.

Mnanijua. Mimi ni Mama Neema wa Mbugangari, upande huu wa mpaka na Goma, yule aliyemaliza sekondari kwa masomo ya jioni wakati binti yake yuko darasa la juu yake, akimsaidia hesabu. Siku ya cheti nilicheza hadi kisigino cha kiatu kikavuka mpaka peke yake.

Lakini shamba sikuwa nalo. Tuliporudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, tulipata nyumba, na nyuma yake mawe meusi ya volkano, mengi kuliko dhambi za mji mzima. Ndugu zangu, nilitamani udongo kama wengine wanavyotamani gari. Nikiona mtu anatupa maganda ya viazi, moyo unaniuma. Basi nikaanza kuyaokota. Nikang'oa mawe, nikayapanga kuwa kuta ndogo, katikati nikajaza maganda, majivu na mavi ya sungura. Dawa ya dukani sikutia hata tone. Kabichi ya kwanza ilitoka kubwa kama gurudumu la lori, tukaigeuza watu wanne. Wapishi wa hoteli za ziwani wakaja na magari, wakazoa kila kitu. Donc, basi, nikafikiri muujiza umekwisha hapo.

Alasiri moja mwanamke alisimama kwenye ua wangu akitazama mchicha, ule tunaouita lengalenga, kamba ya kubebea mizigo ikiwa bado begani.

"Dada, hizi lengalenga ni za nani?"

"Ni za anayefika wa kwanza."

"Bon, mi siwezi kufika wa kwanza. Tangu asubui nabeba vitunguu ya watu pale mpakani, Petite Barrière. Kwetu Goma watoto wanakula bugali na chumvi."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini neno hilo halikunitoka. Anayebeba chakula cha mji mzima mgongoni, kwake hakuna jani! Nikakumbuka Maandiko, kwamba mwenye shamba asivune mpaka pembeni, awaachie maskini na mgeni. Nikamwonyesha mstari wa lengalenga wa ukingoni, nikamwambia huo hauuzwi tena, ni wake. Kisha mimi na wamama wenzangu wa maombi, wanaolima nami, tukaweka sheria ya shamba: wanaobeba mizigo wanachagua kwanza, magari yanafuata.

Jina lake Zawadi. Bure alikataa. "Mi si mwombaji, dada. Ntakulipa na takataka." Na kweli, kila alipokuja alileta gunia la maganda kutoka kwa majirani zake. Pale mpakani askari wa forodha walimuuliza anavusha bidhaa gani, akawajibu, "Ni mali ya dada yangu. Musiibe." Tulikuwa tunakaa juu ya mawe tukichambua majani, na akicheka, ziwa lote la Kivu linafanya mawimbi. Ndugu wa damu ninao, lakini dada nilimpata kwenye ua.

Kisha ng'ambo ikasikika milio ya risasi, na mpaka ukafungwa. Simu yake ikanyamaza. Lengalenga zake zikakomaa, na mimi sikuzikata. Wenye njaa niliwapa za mistari mingine. Ule wake ulipanda hadi mabegani mwangu, ukatoa vichwa vyekundu vya mbegu. Jirani yangu Innocent, mwenye moto, pikipiki ya kubeba abiria, hakupita bila neno.

"Mama Neema, we unalima ama unafuga musitu? Nyoka ikikuuma, mi sikupeleki hospitali."

"Mwenyewe akirudi atakuta mboga yake."

"Na asiporudi?"

Niliinama nikapalilia mahali ambapo hapakuwa na magugu.

Ndipo ikaja mvua ya mawe, kila punje kama yai la bata. Ilipokatika, shamba lilikuwa supu. Kabichi, karoti, vitunguu, vyote vimesagwa, na mbegu ya kupanda tena sikuwa nayo. Mstari wa Zawadi nao ulilala chini kama watu waliochapwa. Nikawaambia wamama, tumefika mwisho, kila mtu atafute pa kula. Nikalitundika jembe jikoni. Nilipoomba sikuomba mboga. Nilimwambia Mungu, nirudishie hata yule mmoja tu.

Siku chache baadaye Innocent akaniita kwa sauti ya kuamsha volkano.

"Mama Neema, njoo uone! Shamba yako imeota ndevu!"

Ndugu zangu, ilikuwa lengalenga. Ile mvua ilikung'uta mbegu za Zawadi, maji yakazitembeza kila tuta, kila ufa wa jiwe, hadi uani kwa Innocent mwenyewe. Ningekata mstari ule, kusingekuwa na mbegu. Mtaa mzima ulikula, wabeba mizigo wakichagua kwanza, na Innocent, mtu wa msitu, alirudi na sahani mara ya pili.

Watu wameanza kuvuka tena. Yeye bado. Mara nyingi nashuka Petite Barrière na fungu la majani mkononi, naangalia migongo ya wamama. Juzi nilimwita mmoja, akageuka, ana sura nzuri tu, lakini si yeye. Nikampa lile fungu.

Namshukuru Mungu aliyelisha wengi kwa mboga ya mtu mmoja ninayemngoja. Wewe mwenye njaa, njoo Mbugangari, mlango hauna kufuli. Wewe unayemngoja mtu, mtumaini Bwana, usikate mstari wake. Na kama kuna anayevuka kesho, akimkuta mwanamke mwenye kicheko kikubwa na kamba begani, amwambie hivi: dada, nimeuacha tena mstari wako. Umeshafika magotini.