Debe Tupu la Mwalimu Leodgar

Tarehe 30 Juni 1979, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha, Mwalimu Leodgar Ponsian anaweka chaki chini. Chaki tu. Maswali hataacha, maana sisi wenzake hatujawahi kumwona akipita penye swali bila kusimama.

Alianzia Ilembo, kwenye darasa la kuezekwa kwa nyasi, akifundisha kujumlisha kwa punje za mahindi. Alipohamia kwetu, jioni alisoma habari za wanahisabati wa karne hii, na kesho yake ofisini akatusimulia kama habari za majirani: eti huko Ulaya watu wazima wamegombana kwa sababu ya namba zisizo na mwisho! Chai ilipoa, tukasikiliza.

Hisabati za kisasa zilipofika shuleni kwetu Majengo, mwaka 1971, yeye ndiye aliyezishangilia. Siku ya somo la seti tupu, yaani kundi lisilo na kitu ndani, Kalista wa darasa la nne alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba leo Mwalimu amewafundisha utupu. Masikioni mwa mzazi, utupu ni habari ya kuvua nguo. Kamati ikaitishwa, na wazazi walitaka Mwalimu ahamishwe. Tuliogopa kweli kumpoteza.

Alikuja kikaoni na madebe mawili matupu, moja lilikuwa la mpunga, jingine la asali. Wapo walionong'ona kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Akaeleza kwamba utupu wa madebe yote mawili ni mmoja. Anayebisha aonyeshe kitu kilichomo humu na kisichomo mle. Mama Kalista, aliyekuja amefura kwa hasira, akatumbukiza pua kwenye debe la asali. "Nyie, humu mna harufu bado!"

Mwalimu alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Alikubali: harufu ni kitu, basi debe halikuwa tupu. Kikao kiliishia kwenye kunusa na kubishana, na uhamisho ukasahaulika. Mama Kalista akajiunga na kisomo cha watu wazima, akitaka kujua kama duniani kuna debe tupu la kweli.

Ubishi huo haujaisha hadi leo. Mwalimu alilisugua debe kwa majivu, akalianika juani. Mama Kalista akanusa, akasema sasa lina majivu. Kalista naye, sasa mwalimu kijana, anafundisha hisabati shule ya Misunkumilo, na tunasikia somo la seti analianza kwa debe.

Mwalimu, unarudi Mpimbwe kwenye mpunga wako. Asante kwa kutuambukiza udadisi. Uishi vizuri, ule ulichopanda, na afya isikupungukie. Tutakukumbuka sana.

Jana Mama Kalista alikuja kutusaidia kupanga viti vya hafla hii ya kukuaga. Tulimwambia kwamba kuanzia kesho kiti chako kitakuwa kitupu. Akakiinamia, akanusa, akatikisa kichwa: bado kina chaki.