Siagi ya Magazetini

Gösta alikuwa anarudi mjini Sundsvall kwa basi, akitoka kuweka maua kwenye kaburi la mkewe Barbro, pale mwanamke aliyekaa kando yake alipofunua gazeti lenye picha ya kipande kikubwa cha siagi.

“Televisheni inatucheka sisi tunaokula siagi tukaacha viazi,” mwanamke akamwambia. Watu wa huko hawasemeshani ovyo ndani ya basi, hivyo Gösta akajua huyu ana jambo linalomkaba. “Juzi wametuita wendawazimu. Afadhali hawa wa gazeti, wanatusifu.”

“Televisheni hiyohiyo ndiyo iliyotuletea mlo huo nyumbani,” Gösta akasema. “Mke wangu aliuamini. Akaacha mkate na wanga wote, na sukari yake ikashuka kweli. Kisha akaacha na sindano za insulini.”

“Nani alimwambia aache sindano?”

“Hakuna. Watu wa gazeti walimpiga picha tu, wakaandika kwamba amepona kisukari. Tulipomzika hawakuja na kamera.”

Mwanamke akakunja gazeti. “Usinitishe, mzee. Mimi nimepungua, sukari yangu imeshuka, na miguu haiwaki moto tena. Mlo hauna kosa.”

“Sijasema una kosa. Wewe sindano zako unachoma?”

Mwanamke akageukia dirishani. Kituo cha Gösta kikafika, kikapita, naye hakuinuka. Basi lilipofika mwisho wa safari na dereva akazima injini, mzee alikuwa bado anangoja jibu.