Kidole cha Kuazima

Usinibetulie midomo. Mdomo ubetue ukimaliza, kama bado utakuwa na hamu. Siku hizi watu mnakataa jambo kwa sababu tu halijapita kwenye simu zenu. Hili lilipita kwenye simu, tena na picha, na ndiyo maana likawa balaa. Mimi naitwa Mwaisha. Nilizaliwa Matombo, nimesoma mpaka la nne, na nauza kahawa hapa Mwembesongo kwenye kibanda cha bati chenye benchi moja nje ya mlango. Benchi lina wenyewe. Yupo Athanas, tunamwita Dokta kwa sababu alilinda geti la zahanati miaka sita. Yupo Halidi fundi simu, jina lake la kijiweni Mtandao, maana hakuna asilolijua, na nusu yake uongo. Na yupo Kibwana, mstaafu wa kiwandani, mgonjwa wa sukari, ambaye tulimpa jina la Mzee Tano.

Hiyo Tano nikueleze. Binti yake, Mwanahawa, anafanya kazi kiwandani kule Kihonda. Alimnunulia baba yake mashine ya kupimia sukari, akamwekea sharti: kila asubuhi kabla ya saa mbili ajitoboe kidole, aipige picha namba, amtumie. Asipotuma, anakuja mwenyewe. Basi picha zikawa zinakwenda. Tano nukta moja. Tano nukta nne. Tano kamili. Ukoo mzima ukampongeza Kibwana.

Kidole kilikuwa changu.

Ndiyo, changu. Aliniomba mara moja, nikampa. Kesho yake akaomba tena. Ikawa desturi: kahawa kwake, kidole kwangu, picha kwa binti. Mpaka Jumatano ile nilipochoka.

— Mwaisha, lete kidole, saa mbili inakaribia.

— Leo sitoi. Hebu ona, vidole vimekuwa kama chekeche.

— Kimoja tu, dada yangu.

— Mwezi wa tano huu ni kimoja tu. Toboa cha kwako, si ndicho chenye ugonjwa?

Benchi likacheka. Kibwana akamgeukia Dokta.

— Athanas?

— Damu yangu nzito, itaziba mashine. Nilishaambiwa pale zahanati.

— Uliambiwa na nani, na wewe ulikuwa unafungua geti?

— Getini ndiko wanakopita wote wanaojua.

— Halidi, mjukuu wangu?

— Mzee baba, jana nimepiga soda tatu na chapati. Nikikupa kidole changu, Mwanahawa anakuja na ambulansi. Lakini unaogopa nini? Kisindano chenyewe kama siafu tu.

Kibwana akachota maji kwenye mtungi wangu. Lilikuwa kopo la nne tangu afike. Nililiona hilo, nikaendelea kuosha vikombe.

— Siogopi sindano, akasema. Naogopa namba. Usipopima, umeamka tu kama watu wengine. Ukipima, umeamka na kesi. Imepanda: umekula nini? Saa ngapi? Alikupa nani? Nikienda harusini, watu hawamwangalii bibi harusi, wanaangalia sahani yangu. Na huyu mwanangu, zamani akipiga simu ananiuliza, baba umelalaje? Sasa ananiuliza, ngapi?

— Mwambie hivyo hivyo, nikasema.

— Nimwambieje? Anajinyima ili mimi nipone. Kila asubuhi nikimtumia ile tano ananiandikia, "asante baba". Mwaisha, mtu kukuambia asante kwa sababu hujafa! Ningeanzaje kumtumia kumi na nane?

Hapo kila mtu alijitia kupuliza kahawa yake. Halafu Kibwana, kwa hasira naona, akachomoa kisindano akajidunga kidole cha kati. Damu ikatoka. Akaigusisha kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye mashine. Mashine ikahesabu kurudi nyuma, tano, nne, tatu. Halidi akainyakua.

— Oya! Haijaandika namba.

— Imeandika nini?

— Imeandika "Hi".

— Hi ndiyo nini?

— Salamu, bi mkubwa. Kiingereza. Vijana wakianza kuchati wanaandikiana hi.

— Mashine imemsalimia?

— Imemsalimia. Noma sana!

Mimi Kiingereza changu kiliishia kwenye gudi moning ticha, nikubishie nini? Lakini nilishtuka. Miezi mitano imeonja damu yangu, haijawahi kunipa hata hodi.

— Hiyo inaeleweka, Dokta akasema. Mashine imezoea damu ya Mwaisha. Leo imekuta damu ngeni, ikaona adabu ianze na salamu.

— Kwani ni mtu hiyo?

— Mashine za sasa zina akili. Pale zahanati ilikuwepo ya kupimia presha, ilikuwa ikikohoa akiingia mtu mnene.

Halidi akatikisa kichwa.

— Dokta, wewe uko nyuma. Hii imeungwa na satelaiti. Damu ya mzee imeonekana huko juu ni mpya, hawana rekodi yake, wanamkaribisha. Kesho wataanza kumpa namba.

— Wazungu wanasalimia damu ya Mluguru?

— Wanaikusanya, mzee. Damu ya mtu aliyekulia milimani ina madini.

Kibwana akaitazama tena ile mashine. Mara akacheka, cheko la mtu aliyeachiwa huru mahakamani.

— Nyote wajinga. Mashine kazi yake ni kutaja sukari. Ikikosa sukari ya kutaja, itafanya nini? Itasalimia! Sina sukari. Imekwisha kabisa. Si niliwaambia kahawa chungu inakata? Mwaisha, lete kashata.

Na mimi, na uzee wangu huu, nikampa. Alikula tatu. Halidi akapiga picha ile "Hi", akaituma kwa binti kwa simu ya Kibwana, na chini yake akaandika: Hi na wewe pia. Tiki mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja.

Kahawa haijazunguka mara ya pili, bajaji ikasimama kwa kishindo mbele ya kibanda. Akashuka Mwanahawa, bado amevaa kofia ya wavu ya kiwandani. Hakusema shikamoo. Binti aliyelelewa mtaa huu huu, anayepiga goti mpaka kwa vichaa, alitupita kama anapita nguzo za umeme. Akachukua mashine, akaitazama, akamtazama baba yake, akatazama makombo ya kashata kifuani kwake.

— Nani ameandika hi na wewe pia?

Halidi akaanza kutafuta kitu chini ya benchi.

— Hii siyo salamu, Mwanahawa akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Ni neno la Kiingereza limekatwa. Maana yake juu. Sukari imepanda mpaka imevuka pale mashine inapoishia kuhesabu. Baba, ilitakiwa sasa hivi uwe kitandani umetundikiwa dripu.

Dokta akaweka kikombe chini. Kibwana akajipapasa midomo, ilikuwa imekauka ikapasuka. Nilikuwa nimeiona tangu asubuhi.

— Sasa niambieni, Mwanahawa akasema. Jana ilikuwa tano nukta mbili. Damu ya jana ilikuwa ya nani?

Swali dogo. Mtoto wa chekechea angelijibu. Benchi lile linalojua habari za satelaiti likageukia vikombe vyake. Kibwana alitazama miguu yake. Basi nikanyoosha mikono, viganja juu, vidole vyote kumi na alama zake nyeusi.

— Miezi mitano yote, bibi?

— Yote.

— Nilizipeleka zile picha kliniki. Daktari alifurahi, akampunguzia dawa. Kumbe amempunguzia baba kwa damu yako.

Nikaviangalia vidole vyangu. Nilijua namdanganya binti. Sikujua nampunguzia mtu dawa. Mwanahawa akamshika baba yake mkono kumwinua. Kibwana akang'ang'ania benchi kwa mikono miwili.

— Siendi. Nikifika pale watanisema mbele ya watu, mtu mzima mimi. Niache nimalize kahawa yangu.

— Baba, utakufa.

— Kahawa kwanza. Mwaisha, nimiminie kimoja, tuzungumze taratibu.

— Labda apewe limau kwanza, Dokta akasema, pale zahanati...

— Funga hilo geti, Athanas! nikamwambia.

Nikaingia ndani. Birika lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Nikaligeuza lote juu ya mkaa, majivu yakaruka, kibanda kikajaa moshi wa tangawizi. Nje nikamsikia Kibwana akiuliza, anafanya nini huyo? Nikajitanda kanga.

— Kahawa imekwisha, Kibwana. Benchi halina kazi tena. Ingia kwenye bajaji, mimi nakaa upande wako wa kulia. Wakikusema, wataanza na mimi.

Nikatoka, nikauvuta mlango, nikatia kufuli.