Chambo Chenye Vigololi Tumboni

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la kufulia nguo hapa Edmonton, London, mahali mabasi manne yanaposimama na hakuna anayetuuliza tunangoja lipi. Jumamosi alasiri chupa ya kahawa ya tangawizi huja na Alnashir, mzaliwa wa Mwanza anayeishi Stanmore. Tunamwita Mzee Risiti, maana hata ukimwambia umelala vizuri anataka ushahidi. Yupo Ghislain, msafishaji wa ofisi, jina lake Profesa. Ana methali kwa kila jambo na sijamsikia akipatia hata moja. Yupo Alexis wa Uvira, anayehudumia wazee, tunamwita Kamanda. Mimi kazi yangu ni kumimina. Jumamosi hiyo Kamanda alikuja amenuna, akaweka juu ya benchi samaki wa plastiki mwenye ndoana mbili.

Kamanda: Kesho ni mwisho. Binti yangu Armelle anahamia Glasgow Jumatatu, amepata kazi kule. Miezi munane tunaenda naye kwa mufereji kila Jumapili, na kila Jumapili minarudi na majani. Huyu samaki ni yeye alinipa, nilipotimiza miaka makumi tano. Minataka nikamate sangala moja tu, aone kwa macho yake.

Sangala anayemsema ni yule samaki mdogo wa mistari wa mferejini. Kampa jina la samaki wa ziwani kwao, nafikiri ili asijisikie mgeni.

Nikakichukua chambo. Kilikuwa bapa, hakina ule ulimi wa plastiki kidevuni ambao vingine hutumia kupigia mbizi. Hiki huzama chenyewe. Nikakitikisa. Vigololi tumboni vikalia.

Mzee Risiti: Nani kakufundisha kuvulia hiki kwenye majani?

Kamanda: Video za Waamerika. Banasema tupa mbele ya majani, vuta mbio, kipite kinagusa vichwa vya majani tu. Besi, ule samaki yao mukubwa, anatoka, anameza.

Mzee Risiti: Na mferejini Edmonton kuna besi?

Kamanda: Hakuna.

Mzee Risiti: Basi unatembelea mji huu kwa ramani ya mji mwingine.

Profesa: Kosa ni kuvuta mbio. Haraka haraka haina baraka. Kiache kizame mpaka chini.

Kamanda: Nilikiacha. Nikatoa majani ya kulisha mbuzi wawili.

Profesa: Umeona? Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi: Ainame nani, Profesa? Kamanda au samaki?

Profesa: Yeyote mwenye shida.

Mzee Risiti: Nisikilizeni mimi, mjomba wangu kanunua sangara Mwanza miaka thelathini. Samaki mwindaji hupenda kivuli cha majani, anangoja mjinga apite. Sasa chambo kikinasa kwenye jani, usikibembeleze. Inua fimbo ya kuvulia mara moja, paa! Kinapochomoka, samaki anaona mtu anatoroka. Hapo ndipo anaruka.

Hilo lilikuwa na akili. Kamanda alilijaribu kwa mkono mtupu, paa, akamwaga kahawa. Lakini akili haikai sana kijiweni kwetu.

Profesa: Mnasahau vigololi. Samaki wa London hashtushwi na kelele, kazaliwa karibu na barabara kuu. Ila hivi vinalia kama funguo za mwenye nyumba. Samaki akisikia anajua anakuja kuambiwa ahame. Anajifungia ndani.

Kamanda: Nifanye nini sasa?

Profesa: Toboa, toa vigololi, tia mchele. Samaki mkunje angali mbichi.

Mzee Risiti: Mchele! Shida ni kubwa kuliko hiyo. Wazungu wakimkamata samaki wanampiga picha, wanamrudisha majini. Kwa hiyo kila samaki aliyemo mle keshakamatwa mara kumi. Anakijua kila chambo na bei yake. Mle hamna samaki, mna wastaafu.

Tulicheka mpaka mama mmoja akachungulia kutoka kwenye mashine za kufulia. Kamanda hakucheka.

Kamanda: Armelle minamusemesha Kiswahili, ananijibu Kingereza. Nyumbani tunamaliza maneno kwa dakika tano, kiisha anashika simu. Pale kwa mayi tunakaa masaa tatu, hakuna hata kugombana. Sasa anaenda. Kama sikamate kitu, atanikumbuka na nini? Baba na majani?

Profesa akamsogezea kikombe chake cha kahawa. Niliona huruma, maana mimi mwenyewe nina wawili wanaonijibu hivyo hivyo.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa dada mmoja, sare ya kazi ikionekana chini ya koti, anangoja basi. Nikammiminia kikombe. Akasema anaitwa Margaret, wa Nakuru.

Margaret: Pole, nimekuwa nikiwasikiza. Baba Armelle, uko na leseni ya kuvua? Hapa wanapiga watu faini.

Kamanda akaingiza mkono ndani ya koti kwa fahari, akatoa bahasha ya plastiki. Mtu aliyepita ofisi za ukimbizi haachi karatasi nyumbani.

Kamanda: Minazo mbili. Hii yangu, hii ya Armelle. Ni yeye alizitafuta zote, wiki ya kwanza.

Margaret: Aa, kumbe na yeye huvua.

Kamanda: Hapana. Armelle anashika wavu, na chupa ya chai. Fimbo ni moja.

Margaret: Miezi minane anashika wavu?

Kamanda: Kwetu Uvira mwanamuke hapandi mutumbwi wa kuvua. Anangojea samaki kwenye inchi kavu.

Margaret: Lakini nyinyi wote mko kwenye nchi kavu.

Mzee Risiti akakohoa. Margaret alikuwa bado anaisoma ile karatasi, jina la Armelle juu, tarehe chini.

Margaret: Na hii ni ya mtu anayeshika fimbo. Wa wavu hahitaji.

Kamanda: Mi nilifikiri kila muntu anayesimama karibu na mayi lazima akuwe nayo. Hii inchi ina karatasi ya kila kitu.

Hakuna aliyecheka. Sote pale tungefikiri vile vile.

Margaret: Yeye amezaliwa hapa?

Kamanda: Hapa hapa, Edmonton.

Margaret: Basi yeye alijua. Aliichukua ya nini?

Aliuliza tu, hakuwa na nia ya kumchoma mtu. Akarudisha karatasi, akashukuru kwa kahawa, basi lake likaja akapanda. Sisi tukabaki. Profesa alitazama viatu vyake. Mzee Risiti, mtu wa ushahidi, safari hii alikuwa nao mbele yake. Niliona aibu, na binti si wangu.

Kamanda aliikunja karatasi ya binti yake polepole, ikarudi ndani ya koti. Akasimama.

Kamanda: Lile duka la fimbo kule Walthamstow, linafunga saa ngapi?

Hakuna aliyejua. Nilipogeuka kumwambia angoje nitazame kwenye simu, alikuwa ameshavuka barabara, anakimbia.