Bi Hatua Aliyekalia Mikono Yake

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Hatua, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, mtoto wa tatu wa fundi redio. Tangu utotoni alipenda kueleza kila jambo hatua kwa hatua. Akikutuma dukani, alikueleza mpaka mlango unasukumwa au unavutwa.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1978 akahitimu stashahada ya umeme katika chuo cha ufundi.

Januari 1979 aliajiriwa na kiwanda cha pampu za maji, kazi yake kuandika vijitabu vya maelekezo. Cha kwanza kilimtoa jasho. Sentensi ya kujaza maji kwenye pampu aliiweka baada ya ile ya kuwasha! Wateja wakafuata alivyosema, pampu zikaungua. Tangu siku hiyo hakuruhusu kijitabu kitoke kabla hakijajaribiwa na mtu asiyekijua kabisa chombo chenyewe, naye mwandishi akae pembeni kimya, amekalia mikono yake, asije akaonyesha kwa kidole.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na baba yetu, fundi makochi, mtu mwenye mikono ya dhahabu kwenye mbao na vitambaa, lakini swichi yoyote humtia kiwewe. Mama alimpenda hivyo hivyo. Alisema amejipatia mjaribuji wa bure ndani ya nyumba.

Jambo alilolipigania kuliko yote ni mafunzo ya kila mwaka katika chama cha waandishi wa maelekezo ya kiufundi. Alitaka kila mwanachama, mkongwe kwa mpya, alete kazi yake ijaribiwe mbele ya wenzake. Wakongwe wakaja juu. "Miaka yote hii kazini, leo turudi darasani?" mwenyekiti aliuliza. "Watu wataaibika, watakihama chama."

"Basi nianze mimi," mama akajibu.

Katika mkutano mkuu wa mwaka 1997 mpishi wa ukumbini aliletwa mbele, akapewa pasi mpya ya mvuke na kijitabu cha mama. Mama akakalia mikono. Mpishi akasoma, akageuza pasi huku na huku, akakwama. "Mama, hili tundu la maji liko wapi?" Kijitabu hakikusema. Mama akaangua kicheko: "Jamani, hapo nimechemka!" Akakisahihisha palepale, mpishi akarudia, mvuke ukapanda. Watu walisimama kupiga makofi, na mwenyekiti mwenyewe akanyoosha mkono wa kwanza kuyapitisha mafunzo. Hayajakosa mwaka hata mmoja. Mama alifurahi mno!

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Daktari aliagiza mashine ya oksijeni ya nyumbani. Ilipofika, baba alikuwa peke yake na mgonjwa. Alifungua kijitabu, akasoma kwa sauti: "Kwanza, jaza maji kwenye chupa. Usiwashe bado." Akajaza. Akaunganisha mpira. Akawasha, na hewa ikaja. Alipogeuka, alimkuta mama kitandani ameikalia mikono yake, machozi ya furaha yanamtoka.

"Mume wangu, umeona? Sikusema kitu!"

Jina la mwandishi lilikuwa nyuma ya kijitabu: binti mmoja wa chama, aliyepitia mafunzo yale. Mama alikilaza chini ya mto wake, na kila mgeni alisomewa.

Tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, mama alifariki dunia nyumbani, baba akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na chama kizima cha wanafunzi wake, ambao wamejaa hapa leo.

Pumzika kwa amani, Bi Hatua. Maelekezo tunayo na tumeyaelewa. Wewe kalia mikono yako, utuangalie tu.